Mpinzani Aliye Kwenye Kiti cha Matatu

Habari za jioni, walimu wenzangu. Karibuni pia nyinyi mnaopanga kulipia haki ya kutumia jina la kampuni ya kufundisha mkao wa mwili na kufungua darasa Kilimani au Westlands, Nairobi. Nitasema hasa na nyinyi, maana njia hiyo nimeipita na nimeilipia.

Anayeuza jina hukupa orodha ya washindani: yoga, Pilates, jimu, wataalamu wa fiziotherapia. Mpinzani wangu mkubwa hayumo humo.

Alinijia dereva wa matatu ya Thika Road, kiuno kimemkaza. Nikamwambia, "Kaka, hebu keti kama uko kazini." Akatoa begini taulo kuukuu, akalikunja mara tatu, akalisokomeza nyuma ya kiuno bila hata kutazama, kama mtu anayefunga kifungo cha shati. Taulo lilikuwa limebonyea katikati, limeshika umbo la mgongo wake. Begini mlibaki pakiti ya vidonge vya maumivu, viwili tu vimesalia. Jamani, hivyo ndivyo vilivyokuwa vikishindana nami: taulo la bure na vidonge vya kioski. Na saa pia. Darasa langu lilianza saa kumi na mbili jioni, wakati abiria wamefurika stejini. Aje vipi?

Alihitaji mwalimu wa kumfuata stejini, amrekebishe nyonga akiwa kwenye usukani, kati ya tripu na tripu. Mkataba wangu ulikataza. Kufundisha kulipaswa kufanyika ndani ya chumba kilichokaguliwa, na masomo yauzwe kwa kifurushi kizima, hakuna kupunguza.

Sasa tazameni. Mwaka 2008 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 579 wa maumivu sugu ya mgongo. Baada ya mwaka, waliobaki na matibabu ya kawaida walikuwa wakiumwa siku 21 katika wiki nne. Waliopata masomo 24 ya mbinu ya Alexander, yaani masomo ya kurekebisha mkao na mwendo wa mwili, walipunguza siku 18. Masomo sita yalipunguza siku 10, na masaji siku 7. Zisomeni namba hizo kibiashara: masomo sita yanakupa zaidi ya nusu ya faida kwa robo ya masomo. Anayelipwa kwa siku anaweza kuyamudu sita. Ishirini na manne ataanza, mwezi wa pili humwoni, na utadhani mshindani wa mtaa wa pili amemchukua.

Jina lenyewe nalo lina mambo. Joseph Pilates, aliyebuni mazoezi yanayoitwa kwa jina lake, alifariki mwaka 1967. Mwaka 2000 mahakama moja New York iliamua kwamba neno Pilates limekuwa jina la aina ya mazoezi, kama vile yoga, na yeyote anaweza kulitumia. Fikiria umelipia jina hilo, kisha jirani yako analiandika mlangoni kwake bure. Hapa Kenya alama ya biashara husajiliwa kwa miaka 10, nawe unaweza kuihuisha. Ni ulinzi, lakini haumwongezi mwalimu ufundi wa mikono. Kama kampuni inatoa mafunzo mazito kwa walimu, lipia mafunzo. Hayo yatabaki nawe.

Halafu mrabaha, yaani ada ya kutumia jina la kampuni. Mimi nilikubali kulipa kwa dola huku nikikusanya shilingi. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Wanafunzi walikuwa walewale, ada ileile, ila kila mwezi nilituma fungu kubwa zaidi. Nilimpunguza msaidizi wangu, binti hodari sana, na hilo linaniuma hadi leo. Baadaye mwaka huohuo dola ilishuka hadi karibu 129, lakini yeye alikuwa ameshaondoka. Kenya haina sheria mahususi ya biashara za aina hii, kwa hiyo ulichotia saini ndicho kitakachokubana. Dai malipo kwa shilingi. Dai ruhusa ya kufundisha nje ya chumba, na ya kuuza masomo machache.

Nimeleta nakala za mkataba wangu wa zamani, jina la kampuni nimelifuta. Ziko kwenye meza ya chai. Kifungu cha mahali pa kufundishia nimekipigia mstari. Anzeni na hicho, kisha tuulizane maswali.