Yule Mzungu wa Ukutani Si Mume Wangu

Haya jamani, habari zenu. Leo sikupanga kurekodi, nimetoka zamu ya usiku na macho yangu mnayaona. Ila komenti zimezidi. Kila nikiweka video, swali ni lilelile: "Dada, yule mzungu kwenye fremu nyuma yako ndiye shemeji?" Mpaka shangazi yangu kule Tanga kapiga simu, anauliza posa inaletwa lini.

Shemeji gani, mtu kafa 1938! Anaitwa Steve Bloomer, alikuwa mcheza mpira wa hapahapa Derby, Uingereza. Picha nilipewa na mzee niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake. Baba yake alikuwa akienda kumtazama Bloomer pale Baseball Ground, uwanja wa klabu ya Derby. Na kabla hamjasema napora vya wazee wa watu: nilijaza fomu ofisini. Fomu, jamani, kwa picha ya gazeti iliyopauka! Na binti yake akaweka saini.

Najua kuna atakayesema naringa, eti siku hizi nimekuwa mwanahistoria. Mpira wenyewe siujui hivyo. Kilichonifanya nimsome huyu baba ni mshahara wake.

Kafunga magoli 352 ya ligi. Timu ya taifa ya England, mechi 23, magoli 28. Mashuti yake yalikuwa yanaambaa nyasi. Kipa akiinama, mpira ushapita. Leo mtu wa hivyo ungemkuta na ndege yake. Lakini kuanzia 1901 ilipigwa marufuku kumlipa mchezaji zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Uwe nyota, uwe garasa, mwisho ni hapo. Mwaka 1906 klabu yake ya Derby hali ya hela ikawa mbaya, wakamuuza kwa klabu ya Middlesbrough kwa pauni 750. Hela ya klabu hiyo. Mchezaji, kwa kanuni, alipewa pauni 10 za kusaini basi. Za chini ya meza siziongelei, sikuwepo.

Tena hizo pauni afadhali. Karatasi ndizo zilizonitoa jasho. Klabu ikishakusajili, usajili wako ni mali yao. Mkataba ukiisha na wakagoma kukuachia, huchezi timu nyingine yoyote ya ligi. Nilipofika hapo nikaiweka simu chini. Kwa sababu viza yangu mimi nayo imefungwa kwa mwajiri. Yule wa kwanza alinihakikishia saa 39 kwa wiki, nikawa napewa 16, na mwenye nyumba anataka kodi yake kamili. Kuhama nako, mwajiri akiacha kukudhamini, kwa kawaida unapewa siku 60 upate mwingine au ufunge begi. Nililia chooni kazini, sifichi. Halafu kuna mtu aliandika hapa chini, "mbeba boksi acha kudeka." Simdekei mtu. Wapo waliokuja wakapata mwajiri mzuri siku ya kwanza, na mambo yao safi. Nasema yaliyonikuta mimi.

Sasa sikieni. Januari 1914 Bloomer anastaafu, miaka 40. Julai huyo, Berlin, kufundisha timu ya Britannia. Ughaibuni kutafuta, kama sisi. Hata mwezi haujaisha, vita. Novemba Wajerumani wakawakusanya wanaume wa Kiingereza wakawapeleka Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi, watu zaidi ya 4,000, wanalala kwenye mabanda ya farasi. Kosa lake uraia tu. Humohumo ndani wakaanzisha ligi, kulikuwa na wachezaji wengine wa zamani wa England, na yeye akacheza. Kakaa mle zaidi ya miaka mitatu.

Mngedhani amekoma. Wapi! Baadaye akaenda Hispania, na 1924 Real Unión ya Irún wakachukua kombe la nchi yao, yeye ndiye kocha, ana miaka 50. Mimi nikisema naongeza mwaka mmoja tu, mnanitukana ukoo mzima.

Wanaouliza "dada, nije nisije", siwezi kukujibu, sijui mfuko wako wala roho yako. Ila ukiletewa mkataba, tafuta palipoandikwa saa, usikimbilie kiasi cha pauni.

Na wewe kaka unayenitumia meseji kila siku, picha siuzi. Shangazi, mwambie na mama: hakuna posa.