Gundi ndiyo kazi: kioo cha mbele cha gari katika hewa ya Mombasa

Salaam aleikum, na hamjambo nyote. Karibuni. Nawaona mafundi wa Changamwe na Mikindani wamekaa nyuma kama desturi yao, wenye magari wamekaa mbele. Leo ingefaa mbadilishane viti, maana mengi ya leo ni ya hao wa nyuma.

Kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kazi ya kuziba na kubadilisha vioo vya magari inaitwa Belron. Jina hilo wengi hawalijui kwa kuwa halibandikwi dukani: Uingereza duka linaitwa Autoglass, nchi nyingi za Ulaya bara Carglass, Marekani Safelite, Australia O'Brien. Mizizi yake iko huku kwetu Afrika, Afrika Kusini, mwaka 1897. Leo mwenye sehemu kubwa zaidi ni D'Ieteren ya Ubelgiji. Ukiuliza wanauza nini, utaambiwa vioo. Mimi nasema wanauza gundi iliyoshika sawasawa, na kioo kinafuata nyuma yake. Kioo kizuri hata kwetu utakipata dukani. Tofauti ni kwamba kule gari halitolewi mpaka muda wa gundi utimie, hata mwenyewe awe na haraka ya kuwahi feri ya Likoni.

Kioo cha mbele ni vioo viwili, kila kimoja unene wa milimita 2 hivi, na katikati yao utando wa plastiki uitwao PVB, milimita 0.76. Jiwe likigonga, kinapasuka lakini hakimwagiki. Kioo cha mlangoni ni kingine kabisa: kimepashwa moto na kupozwa ghafla, kikivunjika kinakuwa punje kama za mahindi, na hakizibiki. Kabla ya kulipa, tazama pembeni mwa kioo ulicholetewa. Chenye cheti cha Ulaya kina herufi E ndani ya duara na namba 43R. Alama ya Kirumi II maana yake ni kioo cha tabaka. Muuzaji akikupa kioo cha mbele kisicho na alama yoyote, mrudishie.

Sasa jiwe. Umemfuata lori la kokoto kutoka Mariakani, tii, doa limeingia. Mara nyingi limevunja kioo cha nje tu, na cha ndani ni kizima. Doa la namna hii huzibika. Kipimo cha Uingereza husaidia: katika ukanda wa sentimita 29 mbele ya usukani, doa lisizidi milimita 10, kwingineko wanakopita waipa, MOT, yaani ukaguzi wao wa magari wa kila mwaka, inavumilia hadi milimita 40. Ufa uliofika ukingoni, usidanganyike, kioo hicho ni cha kubadilishwa.

Ukipata doa, libandike selotepu safi siku hiyo hiyo. Vumbi na chumvi zikishaingia hazitoki, na rezini, ule ute wa kuzibia doa, haishiki juu yake. Usimwagie maji baridi kioo kilichopikwa na jua, wala usiifungulie AC ipulize kioo kwa nguvu. Doa lililokaa wiki nzima kimya huweza kutambaa sentimita 30 kwa pumzi moja.

Fundi anayeziba afanye kivulini. Hapa wengi hukosea: rezini hukaushwa na miale ya urujuanimno, na jua letu la saa sita lina miale tele. Ukifanyia uwanjani, rezini inaganda kabla haijafika kwenye ncha za ufa. Acha kioo kipoe hadi mkono ukihisi uvuguvugu tu. Kausha unyevu ndani ya doa, funga sindano juu yake, nyonya hewa kwanza, kisha sukuma rezini, urudie kunyonya na kusukuma mpaka vile viduara vyeusi viishe. Viduara hivyo ni hewa. Tone la mwisho zito juu, funika kwa karatasi laini ya plastiki, washa taa ya urujuanimno, kisha kwangua kwa wembe uliosimama wima na ung'arishe. Kovu dogo litabaki. Anayekuahidi hapataonekana kitu anakuuzia maneno.

Kubadilisha ndiko kwenye hatari. Kioo cha kisasa hakishikwi na raba. Raba ile ni pambo la kuficha ukingo. Kinashikwa na gundi ya poliurethani, nacho ni sehemu ya mwili wa gari. Mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka, katika magari mengi hujiegemeza kwenye kioo ndipo umkabili mtu. Gundi ikiachia, kioo kinatoka na mfuko unakifuata.

Mrija huu ni silikoni ya madirisha ya nyumba. Nimeufungua, upitisheni, kila mtu anuse. Siki, sivyo? Hiyo ni asidi, na inakula bati. Tena mahali palipopakwa silikoni, poliurethani haishiki mpaka uikwangue yote. Fundi aliyekupakia hii kuzuia mvua ya Mei amekuletea kutu na amemfungia njia fundi atakayekuja.

Kata gundi kuukuu kwa waya, usitie bisibisi ukakwaruza rangi. Bakisha utando wa milimita 1 au 2 wa gundi ya zamani. Hiyo ndiyo sakafu bora ya gundi mpya, ikiwa ni poliurethani. Kila mkwaruzo upakwe praima, yaani dawa ya kupakwa kwanza ili gundi ishike. Kutu, hasa magari ya Nyali na Bamburi yanayolala kwenye upepo wa bahari, ipigwe msasa hadi bati lijitokeze. Praima juu ya kutu ni kupaka chokaa ukuta wa udongo uliolowa. Kioo nacho kifutwe, na ukanda mweusi wa ukingoni upakwe praima. Ukanda huo si urembo, unaikinga gundi na jua. Vaa glavu. Tone moja la jasho kwenye praima, na jasho Mombasa halikosekani, ni mahali ambapo gundi haitashika.

Ncha ya mrija ikatwe herufi V, gundi itoke pembetatu, upana milimita 8 na kimo 10 hadi 12, mstari mmoja usiokatika. Ukianza na kuacha, maji yatapitia pale pale. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, nasi unyevu tunao wa kugawa. Hiyo ni heri, lakini pia inafanya ngozi haraka juu, na kioo kilichowekwa juu ya ngozi hakishiki. Wawe watu wawili, vikombe vya kunyonyea tayari, kioo kikae ndani ya dakika chache. Saa ya kuruhusu gari liondoke imeandikwa kwenye mrija: nyingine nusu saa, nyingine saa kadhaa. Isome, na uangalie tarehe ya kuisha. Siku ya kwanza dirisha moja lishushwe kidogo, maana mlango ukibamizwa ndani pamefungwa, hewa inakisukuma kioo nje. Kuosha kwa mashine ya presha kungoje siku 2.

Magari yanayoshuka bandarini kutoka Japan mengi yana kamera nyuma ya kioo, kama Subaru zenye EyeSight, mfumo wa kamera zinazoitazama barabara. Ukibadilisha kioo, kamera ipimwe upya kwa kompyuta. Ikipinda nyuzi 1 tu, kitu kilicho mita 50 mbele inakiona karibu sentimita 87 pembeni, yaani robo ya njia. Kuna magari yanayopimwa kwa vibao kwenye sakafu iliyonyooka, na mengine kwa kuendeshwa barabarani. Haya ya pili yanataka mistari inayoonekana, kwa hiyo chagueni barabara yenye rangi mpya.

Praima niliyopaka kwenye kile kioo pale mezani inahitaji dakika 10. Tuchukue maswali huku tukiingoja, wa nyuma waanze.