Upendo Mbele ya Mizani

(Mhadhara wa Kwaresima uliotolewa Masasi, mkoani Mtwara)

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Natoa salamu zote mbili kwa sababu naona humu wamo Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na ndugu zetu Wapentekoste. Na pale nyuma karibu na mlango wamekaa wazee wangu Waislamu. Asalamu alaikum, wazee wangu. Sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya upendo katika imani na maisha ya Mkristo. Nitaanzia Korintho.

Ile sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho tumeizoea kwenye harusi. Maharusi wamekaa mbele, kwaya imenyamaza, msomaji anasoma: "Upendo huvumilia, hufadhili, upendo hauhusudu." Tunaitika amina, tunaelekea ukumbini. Sina ugomvi na harusi. Ila Paulo alipoandika maneno yale alikuwa Efeso, katikati ya miaka ya 50 baada ya Kristo, na alikuwa ameletewa habari mbaya za kanisa alilolianzisha kwa mikono yake. Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili. Waumini wamegawanyika: huyu ni wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa. Wanashtakiana mahakamani. Wakikusanyika kwa chakula cha Bwana, wenye nacho wanatangulia kula walichobeba, na wasio na kitu wanabaki wakitazama. Paulo anawaambia wazi, katika sura ya 11: "huyu ana njaa, na huyu amelewa." Anawauliza kama wanataka kuwatahayarisha wasio na kitu.

Sura mbili baadaye ndipo anapofika kwenye upendo. Kwa hiyo tukiisoma ile ya 13, tuisome tukiwa na picha ya ile meza: huku mtu ameshiba hadi amelewa, na ndugu yake aliyebatizwa maji yale yale ana njaa. Kila sifa ya upendo anayoitaja Paulo inagusa kidonda kilichokuwa wazi kati ya watu wale. Anaposema upendo "hautafuti mambo yake", kuna watu wa Korintho waliojua kabisa kwamba wanasemwa wao.

Sasa twende nyuma zaidi. Bwana wetu alipoulizwa amri iliyo kuu, alijibu kwa amri mbili: kumpenda Mungu kwa moyo wote, na kumpenda jirani kama nafsi yako. Hiyo ya pili aliichukua katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, aya ya 18. Nawaomba leo jioni, taa ikiwaka au simu ikitoa mwanga, msome sura yote. Mtakuta nini? Mtakuta kwamba ukivuna shamba lako usivune hadi pembeni, masalio uwaachie maskini na mgeni. Ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Usimwekee kipofu kikwazo. Mtakuta amri ya kumpenda mgeni anayekaa kwenu, "kwa kuwa ninyi mlikuwa wageni katika nchi ya Misri". Na sura inakaribia kufungwa kwa jambo ambalo mtu wa Masasi, wa Newala, wa Tandahimba, wa Nachingwea analielewa bila mhadhiri: mizani ya haki. Shamba, kibarua, mgeni, mizani. Hapo katikati ndipo Mungu alipoliweka neno "umpende jirani yako".

Ndugu zangu, tupo kwenye miezi migumu. Mvua inanyesha, palizi imeshika kasi, mahindi mapya bado, na fedha ya korosho ya msimu uliopita kwa wengi wetu imekwisha. Mkorosho hautaleta maua hadi katikati ya mwaka, na korosho zenyewe hadi Oktoba. Ada inadaiwa. Mtoto anaugua. Salfa ya kupulizia ubwiri unga nayo itataka hela. Ni wakati huu ambapo mtu anakuja jioni, taratibu, na bahasha. Anakupa fedha leo, utamlipa korosho wakati wa mavuno, kwa bei aliyoipanga yeye, na zitapimwa kwa chombo chake, ambacho kilo yake inazidi kilo. Wote tunajua jina la biashara hiyo. Ni kangomba.

Serikali inaipiga marufuku, na tangu msimu wa 2007 tuna stakabadhi ghalani, ambapo korosho zinapimwa kwenye chama cha msingi na kuuzwa mnadani. Mfumo huo una manung'uniko yake, malipo kuchelewa likiwa moja, na sitaingia huko. Mimi nazungumza na Mkristo. Maana anayekuja na bahasha mara nyingine si mgeni. Ni mtu wa jumuiya yetu. Ni shemeji. Anaimba sauti ya nne kwaya. Jumapili anatoa sadaka nono, na sisi tunampigia makofi bila kuuliza korosho zile zilitoka kwenye shamba la mjane gani.

Atasema, "Mimi nilimsaidia, alikuwa na shida." Naam, alikuwa na shida. Mtu mwenye njaa hukubali bei yoyote, na kwa sababu hiyo upendo haukubali bei yoyote kutoka kwake. Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba pendo halimfanyii jirani neno baya. Na Yohana anauliza swali ambalo kila mwaka likifika Kwaresima linanichoma: mtu mwenye riziki ya dunia, akamwona ndugu yake ni mhitaji, akamzuilia huruma zake, upendo wa Mungu wakaaje ndani yake huyo? Yohana anamsema mtu anayezuia tu. Hajamfikia hata anayenufaika.

Kuna neno jingine katika sura ile ya 13 ambalo limetumiwa vibaya, nami nataka kulikalia kidogo kwa sababu akina mama wengi humu wameumizwa nalo. Neno "huvumilia". Mke anapigwa. Anakwenda kwa wazee wa kanisa, uso umevimba. Anaambiwa: mama, upendo huvumilia, rudi nyumbani ukaombe. Wapendwa, huo ni ukatili uliovishwa joho. Aya mbili tu mbele Paulo anasema upendo "haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli". Ukweli ni kwamba yule mwanaume anatenda dhambi, na yule mama anahitaji mahali pa kulala salama usiku ule ule, pamoja na mtu wa kumsindikiza dawati la jinsia polisi. Kuvumilia kunakosemwa na Paulo ni kwa mwenye nguvu kumvumilia mnyonge, kwa aliyeshiba kumngoja mwenye njaa mezani. Msimgeuzie mnyonge.

Na "hauhusudu" nalo lina kazi yake huku kwetu. Mikorosho ya mtu ikizaa kuliko ya jirani, yanaanza maneno. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni anaitwa mchawi. Nasema tu: Mkristo anayebeba maneno hayo amebeba kifo cha mtu kinywani mwake.

Nije kwenye historia yetu, kwa sababu mji huu una deni la pekee katika jambo hili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walikusudiwa kurudi bara, kuelekea nchi za Nyasa, lakini walipofika kwenye milima hii ya mawe wakakaa. Kanisa la Masasi halikuanza na machifu wala matajiri. Lilianza na watu waliokwisha kupangiwa bei sokoni, wakaja kuishi katika nchi ambayo misafara ya watumwa ilikuwa ikipita. Miaka sita baadaye, 1882, kijiji chao kikavamiwa na Wangoni, kikachomwa, wengine wakatekwa tena. Waliosalia wakaendelea.

Nenda upande wa Ndanda. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, vituo vya Wabenediktini vya Lukuledi na Nyangao viliteketezwa. Sipambi historia hiyo: wamisionari walikuja wakati wa bendera ya Wajerumani, na jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala hadi njaa ikaua watu wa kusini kwa wingi wa kutisha. Lakini mwaka 1906 watawa walirudi, wakaanza Ndanda, na kwa miaka iliyofuata hapo wakahudumiwa wagonjwa, wakiwemo wa ukoma ambao hata ndugu zao waliogopa kuwagusa. Leo Nyangao na Ndanda ni majina ya hospitali. Mama wa Kiislamu kutoka kijiji cha Lindi akishikwa na uchungu usiku, anapelekwa Nyangao, na hakuna anayemuuliza dini.

Hilo la dini lina uzito huku kwetu, ambako Mkristo ana mjomba Mwislamu na binti wa shehe amesoma shule ya masista. Msiba ukitokea, tunachimba kaburi pamoja. Yesu alipoulizwa "jirani yangu ni nani?" alimchagua Msamaria, mtu wa dini iliyodharauliwa na wasikilizaji wake, akamfanya ndiye mwalimu wa upendo. Basi tusione ajabu tukifundishwa upendo na jirani ambaye haji kanisani.

Mwaka wa 197 hivi, Tertulliano wa Karthago, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, aliandika jinsi wapagani walivyosema juu ya Wakristo: tazama wanavyopendana. Wengi wanalijua neno hilo. Kinachosahaulika ni maelezo yanayolizunguka: kwamba kanisa lilikuwa na mfuko, kila mtu akichangia mara moja kwa mwezi kwa hiari, na fedha ile ikalisha na kuzika maskini, ikatunza yatima, wazee na waliopoteza vyote baharini. Wapagani waliuona upendo kwa sababu kulikuwa na mfuko.

Kwa hiyo ombi langu kwa jumuiya zilizopo hapa ni dogo na linawezekana. Msimu ujao fedha zikiingia, kila jumuiya iweke akiba ya mahindi na ya fedha, isiguswe hadi Januari. Miezi hii ikifika, mwenye shida apate mkopo usio na riba, aurudishe kilo kwa kilo, shilingi kwa shilingi. Daftari washike akina mama. Huko nilikotembea, daftari lao halipotei. Na jirani Mwislamu wa nyumba ya pili aandikwe humo humo.

Kabla sijakaa, nimepewa karatasi yenye swali, nalo ni zuri: "Je, mtu ambaye ameshakopesha fedha kwa njia ya kangomba mwaka huu, akaguswa na maneno haya, afanye nini?" Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu hadi mara nne. Wewe anza na moja. Nenda kwa uliyemkopesha mchana, watu wakikuona, umwambie deni lake ni fedha ile uliyompa na si kilo ya korosho. Akiwa ameweka alama ya dole gumba kwenye karatasi, mrudishie karatasi yake. Nenda mwezi huu, kwa sababu Oktoba ukiwa na gunia mkononi itakuwa vigumu zaidi. Na kama unaona aibu kwenda peke yako, nipo nyumbani kila siku baada ya saa kumi, nitakusindikiza.