Kabla ya Redi Oksaidi, Uliza Chuma Chenyewe

Haya mafundi, tusogee huku kwa kivuli, jua la Kibuye halina huruma na mimi sina maikrofoni. Hii kitu nimeshika mnaijua, ni gadi ya mkanda wa posho mill. Mteja wa Ahero alinirudishia akiwa amekasirika kabisa na alikuwa na haki yake, nilikuwa nimeipiga redi oksaidi, ile praima nyekundu ya mafuta, yaani rangi ya kwanza ya chini, koti mbili nikamalizia na glosi ya kijani, ikang'aa, halafu miezi michache tu rangi ikaanza kutoka kama maganda ya kitunguu. Na chini hakuna kutu hata kidogo, hiyo ndio ilinishangaza.

Kumbe gadi ni ya bati la galvanaizi, yaani chuma kilichofunikwa na zinki. Zinki ikikutana na rangi ya mafuta na unyevu uingie hapo kati, yale mafuta yanageuka sabuni, si mfano nawapea, ni sabuni kweli, sasa rangi itashika aje juu ya sabuni? Kopo halikuwa feki. Mimi ndio sikuuliza hii ni chuma gani.

Ndio maana siku hizi natembea na hii sumaku. Isiposhika, kama kwa kava ya gearbox ama ya injini ya boti, mara nyingi hiyo ni alumini. Ikishika usikimbie kusema ni chuma tupu, galvanaizi pia inashika, so tumia macho, tafuta yale maua maua ya kijivu. Alumini na galvanaizi zote unaosha mafuta, unakwaruza na msasa laini, unapiga praima ya asidi, koti nyembamba mpaka chuma unakiona kwa mbali. Usipige epoksi, ile rangi ngumu ya kuchanganya makopo mawili, juu yake bila kusoma kopo, nyingi hazielewani na hiyo asidi. Jameni sisi tunasoma mpaka gazeti la kufungia nyama, kopo la rangi ndio hatusomi!

Chuma cha kawaida sasa. Geti, kiti, stendi ya tangi, redi oksaidi inatosha. Lakini ule wekundu mnaouamini hivyo ni oksaidi ya chuma, yaani karibu kitu kimoja na kutu yenyewe, hauzuii kitu kwa sababu ni mwekundu. Ukipata yenye zinki fosfeti ndani, hiyo ndio dawa ya kuzuia kutu, chukua hiyo.

Plau ya kuingia matope ya Ahero ama trela ya miwa ya Muhoroni, hapo ni epoksi ya makopo mawili, na hadina, lile kopo la pili la kugandisha, upime, si kukadiria na jicho, ukishachanganya saa imeanza kuhesabu. Juu yake lazima rangi nyingine kwa sababu epoksi ikikaa juani inakuwa unga unga kama chaki. Kuna pia praima ya zinki nyingi, ile zinki inakubali kuliwa ili chuma kipone hata kikikwaruzwa, lakini lazima iguse chuma kilichopigwa mchanga kikawa kipya, ukiipaka juu ya kutu ama rangi ya zamani umetupa pesa ziwani.

Na asubuhi hapa kwetu chuma kinatoka jasho, mnajua. Pangusa na kitambaa chenye maji, hiyo alama ikikataa kukauka kwa dakika kumi na tano hivi, kunywa chai kwanza.

Eeh mama, uliza. NC, ile rangi ya nitroselulosi ya kukauka haraka, juu ya redi oksaidi ya mafuta? Thina ya NC ni kali, itaiamsha yote ikunjane kama uso wa mzee, weka rangi ya mafuta juu ya mafuta.

Na omera, ndugu yangu hapo nyuma, anasema ekzosi ya trakta. Hiyo usitumie hizi praima za kawaida, nyingi zitaungua. Toa kutu yote, piga rangi ya silikoni ya kuvumilia moto kwa chuma chenyewe, koti nyembamba, halafu washa injini pole pole iive.