Anapohema Mgonjwa wa Kisukari
Mhadhara kwa matabibu na wauguzi, Moshi

Ndugu matabibu, wauguzi na wanafunzi, habari za mchana. Najua wengine mmeteremka kutoka Rombo na Siha na mna gari la kuwahi, kwa hiyo tuingie kazini.

Analetwa mgonjwa, mama mtu mzima, ana kisukari cha miaka mingi, amekohoa siku nne na sasa anahema. Pale mapokezi kila mtu keshawaza nimonia. Sindano ya antibiotiki, seftriaksoni, inachomwa, oksijeni inafunguliwa, faili linaandikwa. Huenda ni nimonia kweli. Lakini kabla hujashika stetoskopu, simama pembeni ya kitanda umhesabie pumzi dakika nzima, saa mkononi. Ile tabia ya kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne iacheni, maana ukikosea pumzi mbili tu umeshakosea nane.

Ukimtazama hiyo dakika nzima, utaona zaidi ya namba. Mwenye nimonia huvuta pumzi fupifupi, za juujuu, kwa sababu akivuta zaidi kichomi kinamkata. Pua zinapanuka, oksijeni kidoleni imeshuka, na ukisikiliza mgongoni unakuta upande mmoja una mikwaruzo. Mwenye asidi kwenye damu huvuta pumzi ndefu, nzito, za mfululizo, bila kupumzika. Oksijeni inasoma 97, kifua hakina kitu, ulimi mkavu, na pumzi zake zinanukia asetoni, hiyohiyo ya kutolea rangi ya kucha. Daktari wa Kijerumani Adolf Kussmaul aliueleza uhemaji huu mwaka 1874, wakati insulini haijajulikana, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Kinachotokea ndani ni hiki. Insulini ikikosekana, seli hazipati sukari hata kama damu imejaa sukari. Mwili unaanza kuyeyusha mafuta, na ini linayageuza kuwa ketoni, ambazo ni asidi. Bikaboneti ya damu inatumika kuzizima hizo asidi mpaka inaelekea kwisha. Ubongo ukihisi damu imechachuka unaamuru mapafu yatoe hewa ya ukaa kwa wingi, kwa kuwa kila pumzi inayotoka na hewa ya ukaa inapunguza asidi kidogo. Kwa hiyo mgonjwa huyu mapafu yake hayaumwi. Yanamwokoa. Ukimpa oksijeni peke yake hujagusa ugonjwa.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wagonjwa wanapotuponyoka.

Mwenye bikaboneti ya 10 anatakiwa awe ameshusha hewa ya ukaa hadi karibu 23 kwa milimita za zebaki. Hesabu yake: bikaboneti mara moja na nusu, jumlisha nane, zaidi au pungufu ya mbili. Sasa ikija karatasi ya maabara imeandikwa hewa ya ukaa 40, usiseme “kawaida”. Kwa mtu mwenye afya 40 ni kawaida. Kwa huyu ina maana mapafu yameshindwa kazi, ama ana nimonia juu ya asidi, ama misuli imechoka. Najua kipimo hicho vituo vyetu vingi havina. Mnacho macho. Mgonjwa aliyekuwa akihema mara 34 kwa dakika, baada ya saa mbili anahema 18, amelala, haitiki vizuri, na ketoni bado ziko juu: huyo hajapata nafuu. Anaelekea kuzimika. Ndugu wa mgonjwa watakuambia “ametulia sasa”, na wewe usikubaliane nao mpaka umemwamsha, umempima sukari, umemsikiliza.

Misuli ya kupumua inachoka mapema zaidi potasiamu ikiwa chini, na sisi wenyewe huwa tunaishusha. Insulini inaingiza potasiamu ndani ya seli, na mgonjwa ameshapoteza nyingi kwenye mkojo. Ndiyo maana potasiamu ikiwa chini ya 3.3 insulini inasubiri kwanza, irudishwe potasiamu, huku dripu ya chumvi ya 0.9% ikiendelea, lita moja hadi moja na nusu saa ya kwanza kwa mtu mzima ambaye moyo na figo havina shida. Baada ya hapo insulini uniti 0.1 kwa kila kilo kwa saa. Na wale mlio kwenye chumba cha wagonjwa mahututi: ukimwekea mashine ya kupumulia mgonjwa wa namna hii ukaiseti pumzi 14 kwa dakika, umemnyang'anya kinga aliyobaki nayo. Asidi itapanda ghafla na moyo utasimama.

Kuhusu ketoni za mkojo, ile karatasi inayobadilika rangi haioni ketoni kuu, beta-haidroksibutireti. Inaona asetoasetati. Matibabu yanapoanza kufanya kazi, ya kwanza inageuka kuwa ya pili, na karatasi inaweza kuonyesha mambo yamezidi ilhali mgonjwa anapona. Mwenye kipimo cha damu akitumie: 3 na kuendelea ni hatari. Na glukomita, kile kipimo cha sukari cha kidoleni, ikiandika HI, kwa nyingi maana yake sukari imepita milimoli 33.3 kwa lita.

Basi, kwa nini nimonia humwandama huyu kuliko jirani yake? Sababu ziko nyingi na zinasaidiana. Utando wa maji unaofunika njia ya hewa kwa kawaida hauna sukari karibu yoyote, na huo ni ulinzi: vijidudu vinakuta hakuna chakula. Sukari ya damu ikipanda kupita kama 7 hadi 10, inaanza kuvuja huko, na bakteria kama stafilokoki wanaota. Chembechembe nyeupe nazo zinafika zimechelewa, na zikifika haziui vizuri, kwa sababu malighafi ya kutengeneza sumu ya kuulia vijidudu imetumika kuihangaikia sukari iliyozidi. Neva za tumbo zikiharibika, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, kinapanda usiku na kuingia kifuani. Neva hizohizo zikilegea, hata kikohozi cha kukitoa hakiji kwa nguvu. Na kuta za vifuko vya hewa na mishipa midogo inayovizunguka zinanenepa, kama zile za figo na macho. Hilo la mwisho peke yake halimsumbui mgonjwa sana, ila linampunguzia akiba. Siku nimonia inapokuja, anaanzia chini.

Halafu nimonia nayo inapandisha sukari. Homoni ambazo mwili hutoa ukiumwa, yaani kotisoli, adrenalini na glukagoni, zote hupinga insulini, kwa hiyo dozi iliyomtosha wiki iliyopita haitoshi leo. Na nyumbani, kwa mapenzi mema, mambo yanazidishwa. Mgonjwa hana hamu ya kula, anaambiwa “usichome, hujala”. Kisha anapewa soda, juisi yenye glukosi ya paketi, na mtori wa kumpa nguvu. Mtori siukatai, kikombe kidogo si vibaya. Ninachokataa ni kuacha insulini ya msingi, ile ya kila siku isiyotegemea chakula. Hata asiyekula anaihitaji, na mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiiacha, siku moja inatosha kumwingiza kwenye asidi. Akiumwa apime kila saa nne, anywe maji, na akitapika mfululizo aje. Metformini, kile kidonge cha sukari, ndiyo ya kusimamisha mgonjwa akiishiwa maji au oksijeni ikishuka.

Kifua kikuu kinahitaji mhadhara wake, na mkoa huu wenye hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto hatuna kisingizio cha kutokijua. Mwenye kisukari ana hatari karibu mara tatu ya kuugua TB. Tatizo ni kwamba picha yake ya eksirei inadanganya: tumezoea kutafuta juu ya pafu, na kwa huyu madoa au shimo vinaweza kukaa chini, vikasomwa kama nimonia ya kawaida. Kikohozi cha wiki mbili, makohozi yaende maabara, hata kama eksirei “si ya TB”. Na anayeanza dawa za TB apimwe sukari. Ikiwa juu, irudiwe baadaye kabla hujamwandikia kisukari cha maisha, kwa kuwa ugonjwa mkali unaweza kuipandisha kwa muda.

Dawa nazo zinagongana. Rifampisini, dawa ya TB, inalichochea ini livunje glibenklamide, kidonge cha sukari, haraka, sukari inapanda, na mgonjwa anashutumiwa kwamba hafuati masharti. Metformini haivunjwi na ini, ndiyo maana wengi huianzia hiyo, na sukari ikigoma tunahamia insulini bila aibu. Isoniazidi, dawa nyingine ya TB, inaumiza neva ambazo kisukari kimeshaziumiza, kwa hiyo piridoksini, yaani vitamini B6, isisahaulike. Siku rifampisini inapokwisha, kumbuka kushusha dozi ya vidonge vya sukari, la sivyo mgonjwa ataanguka nyumbani kwa sukari kushuka.

Si kila kuhema ni maambukizi wala asidi. Mwenye kisukari anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua, akaja analalamika pumzi tu. Akihema zaidi akilala, miguu imevimba, mikwaruzo iko chini ya mapafu yote mawili, fikiria maji kwenye mapafu, upime moyo. Huyu ukimkimbizia lita mbili za dripu kwa sababu sukari ni 20, utamzamisha.

Na wale mnaowapa predinisoloni, dawa ya steroidi, wenye pumu au ugonjwa sugu wa mapafu wa moshi wa kuni: dozi ya miligramu 40 asubuhi hupandisha sukari mchana na jioni, wakati sukari ya alfajiri ikibaki nzuri. Kipimo cha saa kumi na mbili asubuhi kitakudanganya. Pima kabla ya chakula cha mchana na cha jioni, ongeza insulini huko, na predinisoloni ikisimama siku ya tano, insulini ile ya nyongeza nayo isimame.

Karibuni maswali. Tuanze na wa nyuma pale, aliyeinua mkono tangu tulipokuwa kwenye potasiamu.