Kiti cha Pweza si Ndugu wa Pweza

ZUHURA: Makame, usisimame hapo kwenye mwani, utateleza. Njoo upande huu wa beseni.

MAKAME: Nimefika, Bi Zuhura. Wasikilizaji wetu, assalaam alaykum na karibuni. Leo hatuko chumbani. Tuko Jambiani, mashariki ya Unguja. Ni bamvua, maji yamekupwa mpaka karibu na mwamba wa nje, na kina mama wameshatangulia na vyuma vyao kuchokoa pweza. Hapa mbele yetu pana beseni la maji ya bahari, na ndani yake…

ZUHURA: Kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota na mikono mitano. Huyu ni wa kijivu mwenye vinundu vyekundu. Wasikilizaji, tafadhalini, msimtoe majini kwa ajili ya picha, anaumia. Ndiyo maana nimekuja na beseni. Sasa namgeuza chali, hivi, na tunamwacha. Saa ngapi?

MAKAME: Saa nne na dakika kumi.

ZUHURA: Haya, iweke hiyo. Nakuuliza: huyu ndugu yake wa karibu ni nani, pweza au wewe?

MAKAME: Pweza, bila shaka. Jina lake lenyewe linasema.

ZUHURA: Ni wewe.

MAKAME: Mimi? Bi Zuhura, mimi na huyu?

ZUHURA: Wewe, mimi, ng'ombe na kuku. Pweza yuko mbali naye kama alivyo mbali na sisi.

MAKAME: Lakini shuleni tulifundishwa hawa wote ni kundi moja, wanyama wasio na uti wa mgongo.

ZUHURA: Hapo ndipo panaponiudhi kila mwaka ninapoingia darasani. Jina hilo tumelirithi kwa Jean-Baptiste Lamarck, Mfaransa aliyepewa mwaka 1793 kazi ya kufundisha habari za wadudu na minyoo kule Paris. Alifanya kazi kubwa, simvunjii heshima. Ila jina linakwambia kitu ambacho mnyama hana, halikwambii yeye ni nani. Ni kama mtu wa Pemba awaite watu wote wa dunia "wasio Wapemba". Mchina na Mmasai wakawa kabila moja!

MAKAME: Na hao "wasio Wapemba" ni wengi kiasi gani?

ZUHURA: Karibu wote. Spishi za wanyama zilizokwisha kupewa majina zinakaribia milioni 1.5. Sisi wenye uti wa mgongo, pamoja na samaki, vyura, ndege na nyoka, ni kama 70,000 tu. Wadudu peke yao wamefika milioni moja. Tunajiweka katikati ya picha, na sisi ni kona yake.

MAKAME: Nirudishe kwa huyu chali. Undugu wetu naye umejulikanaje? Mimi simuoni uso, simuoni kichwa.

ZUHURA: Kwa mtu mzima huoni kitu, kweli. Unamtazama angali kiinitete. Mnyama anaanza kama kitonge cha seli, halafu upande mmoja unabonyea, panakuwa na tundu. Kwako wewe na kwake yeye, tundu lile la kwanza linaishia kuwa njia ya haja, na kinywa kinakuja baadaye, mahali pengine. Upande wa kina pweza, konokono, kaa na minyoo, kwa wengi wao tundu la kwanza huelekea kuwa kinywa, ingawa si kwa wote. Watu walilitambua hilo zamani kwa hadubini, na jeni zilipokuja kusomwa zikathibitisha: huyu yuko ukoo wetu.

MAKAME: Kwa hiyo tulianzia nyuma.

ZUHURA: Tulianzia nyuma, naam. Na akiwa mchanga, anapoogelea, ana kulia na kushoto kama wewe. Akikua ndiyo anajipanga upya kwa tano. Na tano hiyo hamwachi. Mchukue jongoo bahari. Wanaompasua kumkausha wanajua: ndani utakuta misuli mitano imelala kwa urefu. Huyo ni ndugu hasa wa kiti cha pweza, aliyejilaza ubavu.

MAKAME: Na jongoo wa shambani?

ZUHURA: Yule ni jamaa wa kaa na kamba. Gamba kwa nje, miguu yenye viungo. Wazee wetu walitaja kwa umbo, na kwa mvuvi umbo linatosha. Ila nasaba ni habari nyingine. Makame, inama hapa. Mtazame.

MAKAME: Anatoa… wasikilizaji, kila mkono una mfereji katikati, na humo vinatoka vijiguu vingi laini, vinapapasa hewani. Samahani, majini. Ncha moja ya mkono imeanza kujikunja.

ZUHURA: Vile vinaendeshwa na maji ya bahari yenyewe. Yanapita kwenye kijisahani kidogo mgongoni, yanaingia katika mifereji, akiyasukuma kijiguu kinanyooka. Hana damu kama yetu, wala ubongo. Ana pete ya neva kuzunguka kinywa na mshipa wa neva kila mkono. Kwa hiyo mikono mitano inabidi ikubaliane igeukie wapi.

MAKAME: Hakuna mkubwa?

ZUHURA: Hakuna. Wewe angalia tu.

MAKAME: Basi tumpe pweza haki yake naye, maana kina mama wale wamekwenda kumtafuta yeye.

ZUHURA: Pweza, mimi namheshimu sana. Jamaa zake ni konokono na chaza, watu wa makombe. Mababu zake walikuwa na kombe, yeye akaliacha. Sasa mwili mtupu, laini, baharini, utaishije? Kwa akili, kwa kubadili rangi, kwa wino, kwa kujipenyeza tunduni. Ana mioyo mitatu, damu yake ni ya buluu kwa sababu inabeba hewa kwa shaba pale yetu inapotumia chuma. Ana seli za neva kama milioni 500, na theluthi mbili ziko kwenye minyiri, yaani mikono yake. Marehemu bibi yangu alikuwa akilitambua pango lake kwa maganda ya kaa yaliyorundikwa mlangoni. Alikuwa akisema, "Huyu ana jamvi lake la kulia."

MAKAME: Na macho? Mimi pweza akinitazama huwa nasita.

ZUHURA: Jicho lake lina lenzi kama lako. Lakini babu yetu wa pamoja naye aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kiumbe mdogo tu, hakuwa na jicho la namna hiyo. Kila upande ukajitengenezea lake. Lako lina doa lisiloona, kwa sababu neva zinapita mbele ya utando unaopokea mwanga. Lake neva zinapita nyuma. Halina doa.

MAKAME: Kwa hiyo lake limepangika kuliko letu.

ZUHURA: Kwa hilo, ndiyo. Na uzijue siku zetu za mwanzo zilivyokuwa. Kule Yunnan, China, mwaka 1984 mtafiti Hou Xianguang alianza kufukua visukuku vya miaka kama milioni 518. Vimejaa viumbe wa magamba, minyoo, sifongo. Baadaye wakapatikana humo na samaki wa mwanzo kabisa, mmoja urefu kama sentimita tatu. Huyo ndiye aliyetuwakilisha!

MAKAME: Na leo ndugu wa karibu kabisa asiye na uti wa mgongo ni nani? Huyu?

ZUHURA: Kuna wa karibu zaidi. Umeona vile vifuko vinavyonata kwenye nguzo za gati na chini ya majahazi, ukivibana vinatema maji? Mrusi Alexander Kowalevsky alionyesha mwaka 1866 kwamba mtoto wao ni kama kiluwiluwi, ana mkia, na ndani ya mkia kuna kijiti kile kile kinachotangulia uti wa mgongo, ambacho nawe ulianza nacho tumboni mwa mama. Akipata pa kunata, mkia na kijiti vinayeyuka.

MAKAME: Wavuvi wanavikwangua kila mwezi, jamani. Bi Zuhura! Mikono miwili imeshika chini. Anajikunja kama… anainuka… amegeuka! Saa nne na dakika kumi na tisa.

ZUHURA: Mashallah. Shika beseni upande huo, taratibu. Tumrudishe pale pale kwenye majani nilikomtoa, maji yanaanza kujaa.