Kalamu Iwe Mkononi Mwake

Mhadhara kwa walimu wapya wa kujitolea wa kisomo cha watu wazima

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mmejiandikisha kufundisha watu wazima kusoma, kuandika na Kiingereza cha mwanzo, tena bila malipo. Najua mnangoja niwaambie mtafundisha nini. Nitafika huko, lakini nataka kuanza na kalamu.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa baba wa makamo, fundi seremala. Nilimfungulia kitabu cha watoto chenye picha ya mpira na paka. Kila alipokwama nilimtajia neno. Kila herufi ilipomshinda nilichukua kalamu nikamwandikia. Saa nzima niliyefanya kazi ni mimi. Wiki iliyofuata hakuja, wala ile ya pili, nami moyoni nikasema hana nia. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba nilimfukuza mimi. Mtu anayepima ubao kwa jicho asikosee, nilimpa mpira na paka, kisha nikamnyang'anya hata kalamu.

Kwa hesabu za UNESCO, duniani wako watu wazima zaidi ya milioni 700 wasiojua kusoma na kuandika, na takriban theluthi mbili yao ni wanawake. Wengi wamezoea kuficha. Miaka nenda rudi wamekuwa wakisema, "Nimesahau miwani, hebu nisomee." Kwa hiyo akiwa kimya siku ya kwanza, msidhani ni mzito. Anawapima kama mtamwaibisha. Mwamkieni na kumwita kama mnavyomwita mtu wa umri wake popote pengine: mama, baba, mzee, dada. Na hiyo miwani, wakati mwingine ni kweli! Kuanzia miaka 40 hivi macho huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Mwandikieni kwa herufi kubwa kabla ya kuamua lolote kuhusu kichwa chake.

Mwaka 1963, huko Angicos, kaskazini-mashariki mwa Brazili, mwelimishaji Paulo Freire na wanafunzi wa chuo kikuu waliwafundisha watu wapatao 300 kusoma kwa muda wa saa 40 hivi. Hawakuanza na herufi. Walianza kwa kusikiliza watu wale wanazungumza nini, wakachagua maneno machache yanayotoka katika maisha yao. Mojawapo ya maneno aliyoyatumia Freire katika kazi yake ni "tijolo", yaani tofali. Neno linakatwa, ti-jo-lo, kisha kila kipande kinaitiwa ndugu zake: ta, te, ti, to, tu, ja, je, ji, jo, ju, la, le, li, lo, lu. Baada ya hapo mwalimu anakaa pembeni, na wanafunzi wanaunganisha vipande wenyewe mpaka neno jipya litokee. Wakati ule Brazili haikumruhusu asiyejua kusoma kupiga kura, kwa hiyo kila aliyehitimu kisomo aliongeza kura moja. Mwaka 1964 jeshi lilitwaa serikali. Freire alifungwa, kisha akaishi uhamishoni miaka mingi.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunaijua njia hiyo ya silabi, maana lugha yetu inasomwa kama ilivyoandikwa. Kiingereza sivyo. Kina herufi 26 kwa sauti 44 hivi. Tazama "though", "through", "rough" na "cough": mwisho unaandikwa vilevile, lakini unatamkwa kwa namna nne. "Knife" inaanza na herufi isiyosomwa kabisa. Ndiyo maana nasisitiza, asiyejua kusoma kabisa afundishwe kwanza kusoma lugha anayoiota usiku, na Kiingereza chake kiingie kwa masikio na mdomo. Lakini yule anayesoma vizuri lugha yake na amefuata Kiingereza tu, msimrudishe kwenye ba, be, bi, bo, bu. Huko ni kumdharau. Hawa ni wanafunzi wawili tofauti, na kuwaweka meza moja kunawapotezea muda wote wawili. Akitamka "sukulu" badala ya "school", msimcheke. Amezoea silabi kuishia na irabu. Mtamkieni polepole, arudie.

Sasa mbinu ambayo nimeipenda kuliko zote. Mwombe akusimulie jambo la leo, sentensi tatu au nne. Andika alivyosema, neno kwa neno, bila kumsahihisha. Hapo tu ndipo ruhusa yako ya kushika kalamu. Kisha msome pamoja, halafu asome peke yake. Maneno ni yake, kwa hiyo ulimi unajua unakoenda, na macho yanajifunza kuufuata. Kata sentensi vipande, vichanganye, avipange. Mwisho anakili kwa mkono wake. Mkono wa mtu mzima asiyezoea kuandika hukaza sana. Kalamu hutoboa karatasi, vidole huuma baada ya mistari miwili. Mpeni penseli laini, na mpumzike.

Akikwama, nyamazeni. Hesabuni kimoyomoyo mpaka kumi. Mara nyingi neno hutoka kwenye saba au nane, na hilo atalikumbuka, maana amelitafuta yeye. Ukimtajia kwenye tatu, umemwibia.

Na mkisema Jumanne, iwe Jumanne. Pengine ameomba ruhusa kazini ili afike.

Nimewagawia karatasi na kalamu. Naomba kila mmoja aandike jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa na anwani, kwa mkono ambao haandikii. Mimi nitapita nyuma yenu nikiwasimamia na kutazama. Msizungumze. Mna dakika tatu.